Volti Tisini

Testa ya Fundi Mihayo ilikanyagwa na pikipiki
pale Isevya, mbele ya kibanda chetu.
Mpini ukapasuka. Ndani nikaokota
kitaa kisichozidi punje ya karanga,
kioo kizima, nyaya mbili kama sharubu za panzi.
"Tupa hiyo, Kalunde," alisema.
Nikakifunga kwenye pindo la khanga.

Si balbu. Hakina uzi wa kuungua.
Mna neoni kidogo, pumzi tu,
na vijiti viwili vinavyotazamana bila kugusana
kama mtu na mkwewe.
Ukikipa volti kumi, kimya.
Hamsini, kimya.
Themanini na tisa, kinakutazama tu.
Tisini:
kinawaka, rangi ya bani la tumbaku usiku
kule Urambo, moto ukichungulia kwenye nyufa za tofali.
Na kikishawaka hakizimiki kwa tisini.
Shuka mpaka sitini ndipo kikubali.

Hizo thelathini za katikati
Fundi hakunieleza. Nilizijua nyumbani.
Mama alinyamaza kwa sukari,
akanyamaza kwa kodi,
akanyamaza kwa shemeji zake waliokuja kwa siku tatu
wakavuna nasi mahindi mara mbili.
Ikaja chumvi, chumvi kidogo tu kwenye kisamvu,
akawaka.
Tulishaomba radhi, chungu kilishaoshwa,
yeye bado anawaka.

Kanisani hubadili betri ya kipaza sauti kila Jumapili,
zile za mraba, za volti tisa, za bei ya chini.
Nikaokota kumi na tano jalalani,
kila moja imebakiwa na nane.
Moja moja haiwezi hata kumwamsha mhubiri.
Zikashikana mkia kwa kichwa:
mia na ishirini,
zikanipiga mkono mpaka begani.

Kisha rezista, mlango mwembamba,
na kapasita ya njano kutoka televisheni iliyokufa.
Umeme unachuruzika, tone, tone,
kapasita inajaa kama mtungi chini ya bomba la Cheyo.
Kitaa kimekaa ubavuni mwake, kinangoja.
Tisini: kinawaka, kinaunywa mtungi
hadi sitini, kinaacha.
Mtungi unaanza tena.
Basi. Ndiyo saketi yote.

Baba alishika taa stesheni miaka ishirini na sita.
Kijani, gari la Mwanza lipite.
Nyekundu, la Mpanda lisubiri.
Tangu wampunguze kazini hulala uso ukutani.
Usiku umeme ulipokatika mtaa mzima
nikakiweka kitaa dirishani.
Nikamsikia anageuka. Akahesabu.
"Kinachelewa," akasema.
Neno la kwanza tangu Jumatatu.

Nikabadili rezista.
"Sasa kina haraka. Ajali hiyo."
Nikabadili tena.
Tuligombania rezista hadi jogoo wa kina Msonde akawika.
Mama akaja na kibatari, akauliza
kinatufaa nini.
Nikasema, hakitufai.
"Basi kizimeni."
Akasimama pale, akakitazama kikiwaka mara sita, saba,
akarudi kulala.

Mwezi wa pili kilianza kusitasita.
Baba akahesabu tano, halafu kumi na moja.
Jana alifika mia mbili.
Fundi anasema betri zimeshuka chini ya tisini:
kapasita inajaa,
inabaki imejaa, haina pa kuutua mzigo.

Baba sijamwambia.
Ameketi ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni,
anahesabu.
Jumapili, siku mbili bado.
Naomba mhubiri afupishe.